Somo la Kwanza la Kinga Hutolewa Tumboni

(Hotuba ya muuguzi mkunga kwa wajawazito, familia zao na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu)

Wazee wetu wa mtaa, akina mama na akina baba, na ninyi wahudumu wa afya ya jamii mliofika kutoka Nyalenda, Manyatta, Kondele na hata Ahero, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya aleji, ambayo vitabu vyetu huiita mzio, na hasa juu ya swali ninaloulizwa kila wiki kwenye kliniki ya wajawazito. Mara nyingi mama huliuliza kwa sauti ya chini, akiwa ameshapimwa, amebeba kijitabu chake na mkono uko mlangoni: "Sista, mimi nina pumu. Je, mtoto atazaliwa nayo?"

Swali hilo nililiuliza mwenyewe kabla ya kuulizwa na mtu yeyote. Nilipokuwa na mimba yangu ya pili nilikuwa na pumu ya tangu utotoni, na mhudumu mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, aliniambia niache kutumia pampu yangu ya kuvuta dawa mpaka nijifungue, kwa kuwa dawa ingemdhuru mtoto. Nilikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, nikamtii. Miezi minne ya mwisho nililala nimeketi, nimeegemea mito miwili, nikihesabu jogoo wanavyowika. Binti yangu alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa mdogo, na alipofikisha miezi minne mashavu yake na mikunjo ya viwiko vyake ilikuwa imejaa ukurutu. Pumu ilifuata baadaye. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliamini mpaka siku zake za mwisho kwamba kisa kilikuwa mayai niliyokula. Siwezi kusimama mbele yenu nikadai kwamba ninajua hakika ni nini kilichomletea mwanangu maradhi yale, kwa sababu maradhi ya namna hii hayana chanzo kimoja. Ninachojua ni kwamba nililaumiwa kwa chakula ambacho hakikuwa na hatia, na pumu yangu, ambayo ilistahili kutibiwa, hakuna aliyeiuliza.

Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna aliyeitwa Clemens von Pirquet. Aliona kwamba mwili ukishakutana na kitu mara moja hubadilika, na safari ya pili huweza kukipokea kwa namna nyingine kabisa, hata kwa madhara. Ilichukua zaidi ya nusu karne kupata kingamwili inayofanya kazi hiyo. Katika miaka ya 1966 na 1967, mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Denver huko Marekani, na watafiti wengine wa Uppsala, Uswidi, waliifikia kila upande kwa njia yake, na leo tunaiita IgE. Kingamwili hii hujibandika juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na kukaa pale kama ndoano zilizotegwa. Vumbi, chavua, maziwa au njugu ikipita na kunasa, seli humwaga kila ilichobeba, na hapo ndipo ngozi huwasha, pua huchuruzika na kifua hubana. Asili yake si uovu. Kwa watu wa kando ya ziwa kama sisi, IgE ni mojawapo ya silaha ambazo mwili hutumia dhidi ya minyoo na kichocho, na jambo hili nitalirudia, kwa kuwa limebeba sehemu kubwa ya yale niliyokuja kusema.

Sasa tuingie tumboni. Mwaka 1953, mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza swali ambalo huwa ninapenda kuwauliza wanafunzi wangu. Ukimpandikizia mtu figo ya mtu mwingine, mwili wake utapigana nayo mpaka uikatae, isipokuwa umezuiwa kwa dawa. Mtoto aliye tumboni nusu yake ni ya baba, yaani ni mgeni kwa mama, na anakaa humo miezi tisa. Kwa nini hakataliwi? Majibu yamekuja polepole, na mojawapo kubwa ni kuwapo kwa seli nyeupe za damu zenye kazi ya kutuliza nyingine, seli za T za kudhibiti, ambazo zilimpatia Shimon Sakaguchi wa Japani na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Mama anapobeba mimba, seli hizi huongezeka na kwenda kukaa pale kondo la nyuma lilipojishikiza, na kinga yake yote hulegea upande wa kushambulia na kuegemea upande wa kuvumilia. Mtoto naye hutengeneza seli zake za kudhibiti, zikiwemo zinazomzuia asipigane na seli chache za mama yake zinazopenya na kuingia katika damu yake. Kwa hiyo, kabla hata ya kuvuta pumzi ya kwanza, mtoto ameshafundishwa ni kitu gani cha kuvumilia. Mwalimu ni kinga ya mama, na hali aliyo nayo mwalimu huingia katika somo.

Jambo lenyewe si geni kwenu. Mnakumbuka chanjo ya pepopunda tunayowadunga mkiwa wajawazito. Tunamdunga mama, lakini anayelindwa katika siku zile za kwanza ni mtoto, kwa sababu kingamwili za aina ya IgG hubebwa kupitia kondo, nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza siku zake huweza kuzaliwa akiwa nazo nyingi kuliko mama mwenyewe. IgE, ile ya ndoano, haipiti kwa wingi namna hiyo, na kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba haipiti kabisa. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Singapore walionyesha, kwa panya, kwamba IgE ya mama mwenye mzio wa chavua iliwafikia watoto walio tumboni na kutega ndoano kwenye seli zao, hivi kwamba walipokutana na chavua ileile kwa mara ya kwanza maishani walipata mzio papo hapo, ingawa hali hiyo ilififia wiki chache baada ya kuzaliwa. Panya ni panya. Hata hivyo, watafiti hao walionyesha pia kwamba seli za namna hiyo kutoka kwa binadamu walio tumboni zinaweza kushika IgE.

Kwa binadamu ushahidi tulio nao ni wa aina nyingine. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja na kuchapishwa mwaka 2010, mtoto wa mama mwenye pumu alionekana kuwa na uwezekano wa kupata pumu wa karibu mara 3 ukilinganisha na mtoto ambaye mama yake hana, na mtoto wa baba mwenye pumu karibu mara 2.4. Naomba akina baba mliokaa nyuma mlisikie hilo, maana lawama hupelekwa jikoni kwa mama peke yake. Damu ya baba imo. Lakini ile tofauti inayobaki upande wa mama inakubaliana na yale tunayoyaona maabara, kwamba mama humpa mtoto urithi wa damu na pia mazingira ya miezi tisa. Katika damu ya kitovu ya watoto wa akina mama wenye mzio, watafiti wa Ujerumani walikuta seli za kudhibiti zikiwa chache na hafifu zaidi.

Nilisema nitarudi kwa minyoo. Ng'ambo ya ziwa letu, Entebbe nchini Uganda, kati ya mwaka 2003 na 2005 waliandikishwa wanawake wajawazito 2,507 katika utafiti uliofanywa kwa uangalifu mkubwa. Kwa kupiga kura, baadhi walipewa albendazole ya minyoo na wengine kidonge kisicho na dawa, na vivyo hivyo kwa praziquantel, dawa ya kichocho. Watafiti walitarajia kwamba kumtibu mama kungemnufaisha mtoto kwa njia mbalimbali. Walipowafuatilia watoto wale katika uchanga wao, waliona jambo ambalo mimi nililisoma mara tatu ili niliamini: watoto ambao mama zao walipewa albendazole walipata ukurutu kwa kiwango cha karibu mara 1.8 ya wenzao, na miongoni mwa akina mama waliokuwa na kichocho, watoto wa wale waliopewa praziquantel walipata ukurutu kwa kiwango cha zaidi ya mara 2.6.

Sababu inayodhaniwa ni hii. Mnyoo anayetaka kuishi miaka ndani ya mtu hana budi kuituliza kinga ya mwenyeji wake, na hufanya hivyo kwa kuziongeza seli zilezile za kudhibiti. Mama mwenye minyoo huwa na kinga iliyoongezewa utulivu, na mtoto wake huonja utulivu huo. Mawasiliano hayo yalishaonekana hapa nchini: katika pwani ya Kenya, tafiti za miaka ya 1990 zilikuta kwamba seli katika damu ya kitovu ya baadhi ya watoto waliozaliwa na mama wenye kichocho au matende zilikuwa tayari zinawatambua wadudu hao, ingawa watoto wenyewe hawakuwahi kuambukizwa. Dawa inapomwondoa mnyoo ghafla katikati ya mimba, huenda somo la utulivu hukatizwa kabla halijakamilika.

Hapa nawasihi msinielewe vibaya, na wahudumu nawaomba mlibebe neno hili jinsi lilivyo mpaka nyumbani. Hakuna mtu anayepaswa kukataa dawa ya minyoo kwa sababu ya hotuba hii. Minyoo ya safura hunyonya damu ya mama, na mama asiye na damu ya kutosha huweza kufa kitandani mwa uzazi kwa kutokwa na damu ambayo mwenzake angeistahimili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya minyoo itolewe baada ya miezi 3 ya kwanza ya mimba katika maeneo ambayo minyoo na upungufu wa damu vimeenea, na ukurutu wa mtoto, hata unapomnyima usingizi, unatibika. Isitoshe, watoto wa Entebbe walipofikisha miaka 9 haikuonekana kwamba dawa walizomeza mama zao ziliwaongezea pumu. Ninawaeleza utafiti huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo hesabu za urithi peke yake haziwezi kuonyesha: ukigusa kinga ya mama wakati wa mimba, hata kwa kidonge kimoja, ngozi ya mtoto huweza kutoa habari.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni zizi. Mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza, akiwa amechunguza rekodi za watoto 17,414 waliozaliwa katika juma moja la Machi 1958, aliona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wengi waliomtangulia, ndivyo mafua ya chavua yalivyompata kwa nadra. Akawaza kwamba maambukizi ya utotoni humfundisha mtoto. Baadaye ilidhihirika kwamba mafundisho hayo huanza mapema kuliko alivyofikiri. Huko Ulaya, watoto ambao mama zao walifanya kazi kwenye mazizi wakiwa wajawazito walikuwa na vipokezi vingi zaidi vya kutambua bakteria kwenye seli zao za damu, na idadi iliongezeka kwa kila aina ya mnyama ambaye mama alikuwa karibu naye. Katika damu ya kitovu ya watoto wa wakulima, seli za kudhibiti zilikuwa nyingi na zenye nguvu. Nao watafiti wa Ujerumani waliwavutisha panya wenye mimba bakteria aliyepatikana kwenye mazizi ya ng'ombe, na watoto wao wakakingwa dhidi ya pumu. Walipotumia mama ambao vipokezi vya kutambua bakteria vimeondolewa, kinga ile ikatoweka. Yaani ilikuwa lazima mama mwenyewe amhisi yule bakteria ndipo mtoto afaidike.

Nikiwaza juu ya hayo huwakumbuka akina mama wa Nyando na Vihiga wanaoamka alfajiri kukamua, na binti zao waliohamia vyumba vya simenti hapa mjini. Siwaambii wajawazito warudi zizini, wala wanywe maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu homa ya maziwa, ile inayoitwa bruselosi, inaharibu mimba na ipo kwetu. Nawaambia tu kwamba mama anayekamua ng'ombe wake asione haya kana kwamba anamtia mtoto uchafu.

Na chakula? Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, bibi zetu walikatazwa kuku na mayai, na desturi hiyo ilipokutana na hofu ya aleji, ilipata nguvu mpya. Hata wataalamu walikosea upande huo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio katika hatari wasipewe njugu mpaka miaka 3, na mwaka 2008 kikauondoa ushauri wake kwa kukosa ushahidi. Kisha mwaka 2015, utafiti wa London wa watoto 640 ulionyesha kwamba wale waliolishwa njugu mapema, tangu kabla ya mwaka mmoja, walipata mzio wa njugu kwa nadra mno kuliko waliozuiwa. Kwa mjamzito mambo ni yaleyale: kujinyima mayai, maziwa, njugu au samaki hakujaonekana kumkinga mtoto, na kunampunguzia mama chakula anachokihitaji. Kama kitu fulani kinakudhuru wewe mwenyewe, kiache. Kama hakikudhuru, kula. Tena huko Denmark, wanawake 736 walipogawanywa, nusu wakapewa mafuta ya samaki tangu wiki ya 24 ya mimba, watoto wenye pumu au kukoroma kwa kifua kusikoisha walipungua kutoka asilimia 23.7 hadi 16.9. Kipimo walichopewa kilikuwa kikubwa, sitasema omena wetu wanafika hapo. Lakini mama wa Dunga aliyeambiwa aache samaki anastahili kuisikia habari hii.

Sasa nifike kwa pumu, ambako moyo wangu uliko. Kati ya wajawazito wenye pumu, takriban theluthi moja huzidiwa, theluthi hupata nafuu na theluthi hubaki walivyokuwa, na hakuna awezaye kujua mapema yuko kundi gani. Pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto hewa safi, huleta uzazi wa kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo. Kule Newcastle, Australia, wajawazito 220 wenye pumu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata dalili peke yake. La pili lilipimwa pia gesi inayotoka katika pumzi, ambayo huonyesha jinsi njia za hewa zilivyovimba, na dawa ikarekebishwa kwa kufuata kipimo hicho. Katika kundi la pili, akina mama wengi zaidi walipewa dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, lakini kwa kipimo kidogo, na mara walizozidiwa zilipungua kwa nusu. Watafiti wakangoja. Watoto walipokuwa na umri wa miaka 4 hadi 6, wenye pumu walikuwa asilimia 43.2 katika kundi la kwanza na asilimia 25.9 katika kundi la pili.

Mniruhusu nitulie hapo kidogo. Urithi wa makundi yale mawili haukutofautiana, maana waligawanywa kwa kura. Kilichotofautiana ni jinsi uvimbe wa kifua cha mama ulivyotunzwa. Mama yule aliyekuwa ameshika mlango wa kliniki yangu, akiuliza kama mtoto atazaliwa na pumu, anastahili kujibiwa kwamba hatuwezi kumhakikishia, lakini kifua chake mwenyewe tunaweza kukitibu, na kwamba kukitibu ni sehemu ya kumtunza mtoto. Kipimo cha pumzi hakipatikani katika vituo vyetu vingi. Dawa ya kuvuta ipo, na maswali ni ya bure. Wahudumu, mnapoingia katika nyumba yenye mjamzito, muulizeni kama anakohoa usiku, kama anaamka kwa kubanwa kifua, na pampu yake imebaki na dawa kiasi gani. Muulize pia anapikia wapi. Huko Kintampo, Ghana, watoto ambao mama zao walivuta moshi mwingi wa jikoni wakati wa mimba walikuwa na mapafu hafifu walipopimwa wakiwa na umri wa mwezi mmoja tu. Mjamzito asikae juu ya kuni saa nzima akisubiri maharagwe yaive ilhali kuna mtu mwingine nyumbani mwenye mikono miwili. Hilo akina baba wanaweza kulianza leo jioni.

Mtoto akishazaliwa, anyonyeshwe. Maziwa ya mama yana kingamwili na vitu vya kutuliza kinga, na yanaendeleza mazungumzo yaliyoanza kwenye kondo.

Naona mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa na wengine mna safari. Wale mlio na pampu kwenye mikoba, naomba mbaki nami dakika chache, kila mmoja anionyeshe anavyoivuta. Ile ya buluu hufungua kifua kwa haraka; ile ya rangi ya kahawia hutuliza uvimbe, na ndiyo wengi huiacha kwa kuwa hawaoni ikifanya kazi papo hapo. Nimeleta pia chupa za maji za nusu lita, ambazo utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba zikitobolewa vizuri chini na kuingizwa mdomo wa pampu, huwafikishia watoto dawa mapafuni sawasawa na vifaa vya kununua dukani. Tutatoboa pamoja. Utatikisa pampu, utatoa pumzi yote, utabonyeza mara moja, utavuta polepole, kisha utaishika pumzi huku nikihesabu mpaka kumi, na ukimaliza ile ya kahawia utasukutua mdomo. Viti hivi vya mbele vitatosha watu wanane kwa mara moja, wajawazito waanze.